Seva "bila kikomo" ina kikomo: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Tangazo la kupangisha tovuti halikosi maneno "bila kikomo". Diski bila kikomo, trafiki (data inayopita kati ya tovuti na wageni) bila kikomo, barua pepe bila kikomo, na yote hayo kwa mwezi hayafiki bei ya chipsi kuku. Sisi wa bando tumeshazoea: bando lisiloisha kweli haliishi, linapunguzwa kasi mpaka hata ujumbe wa sauti unagoma kwenda. Kwenye seva mambo ni yale yale, ila masharti yamewekwa mbali zaidi, ndani ya mkataba, chini ya kichwa cha "matumizi ya haki". Wengi huyasoma siku tovuti imezimwa.

Mashine moja inabeba wateja kadhaa, pengine mamia, na mwenye mashine anategemea kwamba hamtaitumia wote kwa mpigo. Hilo halina ubaya, ndilo linaloshusha bei. Mimi namdai muuzaji mambo mawili: kikomo kiandikwe kwa namba, na nielezwe nitafanywa nini nikikifikia. Nitapunguziwa kasi, nitatozwa zaidi, au nitazimwa? Mpangilio huu umetokana na majibu ya maswali hayo, na nimemfikiria mtu mwenye duka la mtandaoni, tovuti ya shule, blogu ya habari au mfumo wa miadi wa zahanati.

1. Seva pepe yenye prosesa ya kushirikiana na trafiki iliyoandikwa

Seva pepe ni kipande cha mashine kubwa unachokiendesha mwenyewe kama kompyuta kamili. Hii naiweka juu kwa yeyote mwenye fundi, au aliye tayari kujifunza amri chache za Linux, mfumo unaoendesha seva hizi. DigitalOcean, Linode ya Akamai, Vultr na Hetzner wote wanauza aina hii. RAM ni yako, diski ni yako, prosesa ndiyo mnayogombania na majirani, na trafiki inatajwa waziwazi. Seva ya DigitalOcean ya dola 6 kwa mwezi, yenye RAM ya GB 1, inakuja na trafiki ya TB 1. Linode ya dola 5 nayo hivyo hivyo.

TB 1 ni nyingi au kidogo? Inategemea unauza nini. Ukurasa wa duka uliojaa picha unaweza kufika MB 2, kwa hiyo utafunguliwa mara laki tano kabla trafiki haijaisha. Maduka mengi ya kwetu hayafiki huko. Lakini TB 1 ikitiririka mwezi mzima bila kupumzika ni wastani wa Mbps 3 tu. Ukiwa na redio ya mtandaoni ya kbps 128, wasikilizaji 24 wanaosikiliza usiku na mchana wanaimaliza.

Tofauti kubwa hujitokeza ukipitiliza. DigitalOcean wanatoza senti 1 ya dola kwa kila GB ya ziada, yaani kama dola 10 kwa TB. Hetzner, kwenye vituo vyao vya Ujerumani na Finland, wamekuwa wakitoa TB 20 hata kwa seva ndogo, na ya ziada kwa yuro 1 kwa TB kabla ya kodi. Ila usisome namba hiyo ukaenda kufungua seva kwenye kituo chao cha Marekani: mwishoni mwa 2024 walitangaza kwamba huko seva ndogo inashuka kutoka TB 20 hadi TB 1. Kampuni ile ile, jina la seva lile lile. Chagua kituo kwanza, ndipo uangalie trafiki.

Kisichoandikwa kwenye aina hii ni prosesa. Hakuna anayekuambia unaruhusiwa asilimia ngapi kwa muda gani. Dawa ni kupima mwenyewe: ingia kwenye seva, andika `top`, tazama mstari unaoanza na `%Cpu(s)`, nenda mpaka namba ya mwisho yenye herufi `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao seva yako ilihitaji prosesa na mashine mama ikawa imempa jirani. Ikiwa 0 au 1, huna tatizo. Ikikaa 10 na kupanda kila jioni, umepangiwa na mtu anayebadili video au anayefanya jambo asilotakiwa kufanya. Na wewe usiwe mtu huyo: Hetzner, kwa mfano, wamepiga marufuku kuchimba sarafu za kidijitali kwenye seva zao, hata ukiwa umelipa.

Kuna kikomo kingine kinachowaumbua watu siku ya kwanza. Bandari ya 25, yaani mlango wa mtandao unaotumika kutuma barua pepe, imefungwa DigitalOcean pamoja na 465 na 587, na Hetzner wanafunga 25 na 465 kwa wateja wapya. Duka litafunguka vizuri, oda zitaingia, risiti hazitatoka. Tumia huduma ya nje ya kutuma barua pepe kupitia bandari iliyoachwa wazi (kwa Hetzner ni 587), na uiweke kwenye bajeti mapema.

Kuhusu umbali, Vultr wana kituo Johannesburg tangu 2022. Kwa mteja wa Nairobi au Dar hilo linaonekana vizuri kwenye ramani, ila pima kwa mtandao unaoutumia, maana njia za nyaya za baharini hazifuati ramani na mara nyingine Ulaya inajibu vizuri vilevile.

2. Upangishaji wa pamoja, mradi wakuoneshe namba

Huna fundi? Basi hii ndiyo namba moja yako. Unapata cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti kwa kubofya), unalipa kwa shilingi kupitia M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), unachukua na kikoa, yaani jina la tovuti, cha .co.tz au .co.ke hapo hapo, na kuna mtu wa kumpigia simu kwa Kiswahili. Faida hizo zina thamani kuliko watu wa teknolojia wanavyokubali.

Wauzaji wengi wa aina hii wanatumia CloudLinux, mfumo uliotoka 2010, unaoiweka kila akaunti ndani ya kizimba chake ili mteja mmoja asiwaangushe wengine. Mipaka ya kuanzia ya kizimba hicho ni prosesa 100% ya kiini kimoja, RAM ya GB 1, diski kusoma na kuandika KB 1,024 kwa sekunde, michakato 100, na maombi 20 yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Muuzaji anaweza kupandisha au kushusha, lakini ukizijua hizi una cha kulinganishia. Zako zinaonekana upande wa kulia wa cPanel, kwenye takwimu: utaona kitu kama "Entry Processes 3 / 20".

Hayo maombi 20 ndiyo watu wanayoyaelewa vibaya kuliko yote. Hayana maana ya wageni 20. Ombi linahesabiwa tu wakati PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, inatengeneza ukurasa. Picha na faili za mwonekano hazimo. Ukurasa ukitengenezwa kwa robo sekunde, nafasi 20 zinaweza kupitisha kurasa 80 kila sekunde, ikiwa prosesa haijaelemewa. Ukurasa ule ule ukichukua sekunde 4 kwa sababu umerundika programu-jalizi, utapitisha 5 tu. Anayekuja wa 21 anakutana na kosa la 508, "Resource Limit Is Reached", na kwa kawaida hilo hutokea asubuhi uliyorusha tangazo la ofa ya Idi kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wote wakabofya kiungo ndani ya dakika tano.

Kasi ya diski nayo isikupite. Kwa MB 1 kwa sekunde, bakapu ya GB 2 inachukua zaidi ya nusu saa, na muda wote huo tovuti inakokota miguu. Bakapu iende saa nane usiku, tena isihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hiyo.

Halafu kuna inodi, ambayo ndiyo inayoua "diski bila kikomo". Kila faili ni inodi moja, kila folda moja, kila barua pepe moja. Kikomo cha laki mbili na nusu ni cha kawaida, na ofisi yenye watumishi kumi wasiofuta barua inaweza kukifikia ikiwa imetumia GB chache tu. Ukikifikia, huwezi kupakia picha wala kupokea barua, na kwenye skrini diski bado inasomeka ina nafasi tele.

Kwa wenye WordPress, kazi mbili za dakika kumi zinapunguza mzigo. Zima wp-cron, kiratibu cha kazi za nyuma cha WordPress, kwenye faili la wp-config kwa kuweka `DISABLE_WP_CRON` iwe `true`, kisha uiendeshe kwa kazi ya ratiba ya cPanel kila dakika 15. Ikiachwa ilivyo, kila mgeni akiingia mfumo unakagua kama kuna kazi za nyuma za kufanya. Pili, ufunge `xmlrpc.php`, faili linaloruhusu programu za nje kuingia kwenye WordPress, kama huitumii, kwa sababu roboti za kubahatisha nywila huipiga usiku kucha na kila pigo linahesabiwa kwako. Ukiweka Cloudflare ya bure (huduma inayohifadhi nakala za faili zako karibu na wageni) mbele ya tovuti, picha zitatoka kwenye vituo vyao, na Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wapo. Video usizipitishe hapo; masharti yao, hata baada ya kuandikwa upya 2023, hayaruhusu mpango wa bure utumike hivyo.

3. Seva za krediti za AWS

AWS ni huduma ya seva ya Amazon. Hapa kikomo kimeandikwa hadi desimali, tatizo ni kukielewa. Seva ya t3.micro ina prosesa mbili, lakini kiwango chake cha msingi ni 10% kwa kila moja. Kila saa unapata krediti 12, na krediti moja ni prosesa moja kufanya kazi kwa nguvu zote dakika moja. Zisizotumika zinajikusanya hadi 288, zinazotosha kuzikimbiza prosesa zote mbili kwa saa mbili na nusu hivi. Zikiisha, t2 ya zamani inarudishwa kwenye kiwango cha msingi na tovuti inakuwa nzito. Kwenye t3, isipokuwa umebadilisha mpangilio, haipunguzwi: unatozwa senti 5 za dola kwa kila saa ya prosesa. Wanaoshtushwa na bili huwa hawakuujua mstari huo.

Trafiki ndiyo inayoishusha hadi nafasi ya tatu. GB 100 za kwanza kwa mwezi ni bure, kisha senti 9 kwa GB kwa Ulaya na Marekani, na senti 15.4 ukitumia kituo cha Cape Town kilichofunguliwa 2020. TB ambayo Hetzner wanaitoza yuro 1, Cape Town ni dola 154. Lightsail ya dola 5, seva rahisi ya AWS hao hao, inapunguza maumivu kwa kukupa TB 1, ila huko hata data inayoingia inakatwa kwenye kiasi hicho.

4. Seva pepe ya trafiki isiyopimwa

OVH wanauza hivi kwa unyoofu: hawahesabu GB, wanakuwekea mwendo wa juu wa muunganisho wa mtandao na ndio kikomo chako. Vituo vyao vya Asia na Pasifiki viko tofauti, vina kiasi maalumu na ukikimaliza unashushwa. Inafaa redio, mahubiri ya moja kwa moja na faili kubwa za kupakua. Wengine wanaoandika "isiyopimwa" bila kutaja mwendo huo, wahesabu kwenye nafasi inayofuata.

5. "Kila kitu bila kikomo" bila namba yoyote

Acha. Mkataba utasema wanaweza kusimamisha akaunti "inayoathiri wateja wengine", na wao ndio waamuzi wa nini kinaathiri. Bei yenyewe mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya kuhuisha kabla hujavutiwa.

Seva yenye prosesa za peke yako sijaipanga, kwa kuwa ni bei nyingine kabisa. Hamia huko `st` ikikusumbua kila siku na duka linaingiza fedha za kulipia.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji kwenye huduma kwa wateja, kwa maandishi: maombi mangapi kwa wakati mmoja, inodi ngapi, diski ina kasi gani, na nikipitiliza nitaarifiwa saa ngapi kabla ya kuzimwa. Jibu la barua pepe litakusaidia kuliko la simu siku mkibishana. Ukienda kwa za nje, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa inakubalika sehemu nyingi. Acha salio kidogo juu ya bei, kwa ajili ya makato ya uhakiki na VAT inayoweza kuongezwa. Lipa mwezi kwa mwezi mwanzoni hata kama mwaka una punguzo. Na ukiona `st` imepanda siku ya kwanza kwenye seva pepe inayolipiwa kwa saa, usiandike hata malalamiko: fungua nyingine, pima tena jioni, kisha ifute ile mbovu. Umepoteza senti chache tu.