Vocha za watalii za China: shida yote iko kwenye chenji

Mpango wenyewe, nikiwa mkweli, haukuwa mbaya. Miaka ile ya themanini mgeni akienda kaunta ya Benki ya China na dola au hundi za wasafiri, hapewi renminbi, pesa ya kawaida ya China inayohesabiwa kwa yuani. Anaonyesha pasipoti, anajaza fomu, anapewa waihuiquan, yaani vocha za fedha za kigeni, pamoja na risiti. Hoteli, tiketi ya ndege, Duka la Urafiki (duka la serikali kwa wageni): vocha tu.

Sasa njoo kwenye chenji. Mkahawa mmoja, bili yuani 12, natoa vocha ya 50. Inarudi 38, yote renminbi, noti zimelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Nadai vocha. Mhudumu ananitazama kama niliyekuja kuomba sadaka, anagonga noti kwa kidole: yuani ni yuani! Na kwa maandishi yuko sahihi, maana vocha yenyewe inasema thamani yake ni sawa na renminbi. Ndiyo maana mchezo ule haukamatiki. Jioni droo ikihesabiwa, jumla inatimia. Kilichobadilika ni aina ya noti tu. Vocha zimeshaingia mfukoni mwa mtu, na kuna wakati mtaani vocha za 100 zilivuta renminbi 130 na zaidi, kwa sababu sigara na televisheni za nje zilitaka vocha.

Wewe unabaki na 38 ambazo Duka la Urafiki hawazigusi. Siku ya kuondoka benki nayo haizitaki: kinachogeuzwa kuwa dola ni vocha, tena uwe na ile risiti. Aliyeitupa risiti ajilaumu mwenyewe.

Dawa ilikuwa kudai vocha ndogo ukiwa bado benki. Zilikuwapo za jiao 1 na jiao 5 (jiao 10 ni yuani moja), halafu za yuani 1, 5 na 10. Ukinyamaza utapewa za 50 na 100, na hizo ndizo zinazoliwa kwenye chenji. Lipa kiasi kamili. Ukishindwa, ulizia chenji kabla noti haijakutoka mkononi; baada ya hapo ni kelele tu. Na usivunje hundi zote siku moja. Hundi ikipotea unafidiwa kwa namba zake, vocha ikipotea imepotea.

Haya, hasira kando: renminbi zile chakavu zilifaa sokoni kwa tambi na nauli ya basi, kwa hiyo siwezi kusema niliibiwa zote. Utoaji wa vocha ulisimamishwa Januari 1994, na mwaka uliofuata hazikutumika tena. Afadhali. Ingawa ile ya 100 yenye Ukuta Mkuu ilikuwa noti nzuri kweli.

Nyota tatu. Hapana, mbili. Nikimkumbuka mhudumu yule, moja.