Laibrari ya SMS isiyofunga inachofungua

Sitaji jina. Aliyewahi kutuma risiti kwa laibrari hii ya Python (kodi iliyoandikwa na wengine, unaichomeka kwenye programu yako) ataitambua kwa machungu.

Mtandao ukitulia sina neno nayo. Mteja wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, anapata SMS kabla hajamaliza kufunga magunia. Ila mvua ikishuka ziwani na mtandao ukaanza kuyumba, hapo ndipo balaa. Laibrari inafungua soketi, yaani njia ya kuongea na seva ya SMS, jibu haliji, inarusha kosa. Sawa, kosa nalidaka, nitajaribu baadaye. Kumbe soketi imebaki wazi! Mstari wa kuifunga wameuweka chini ya ule wa kusoma jibu, si ndani ya `finally`, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, kwa hiyo kosa likitokea haufikiwi. Tena wanaitunza soketi kwenye orodha yao ya ndani, hata Python yenyewe ikitaka kuisafisha haiwezi.

Linux kwa kawaida inaipa programu deskripta 1024, yaani namba za kushikia kila kilichofunguliwa, faili na soketi zote zinachota humohumo. Asubuhi moja wanunuzi wamejaa, kila kitu kikagoma: "Too many open files". Si SMS tu, hata faili ya mauzo haifunguki. Bosi wangu, mama asiyetaka maelezo, akanitazama: "Mzani unafanya kazi, kompyuta ndo imechoka? Chukua daftari." Nikaandika kwa mkono mpaka mchana. Nilipochungulia `/proc`, Linux inapoonyesha hali ya programu, soketi tele zimekaa CLOSE_WAIT: wa upande wa pili walishafunga na kuondoka zamani, sisi bado.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lote: "Kaka, ongeza ulimit." Yaani nipandishe kile kikomo cha deskripta. Niongeze ili iweje? Ife Ijumaa badala ya Jumatano?

Kwa hasira nikaisoma kodi ya laibrari yao, na hapo nikachanganyikiwa. Kuna sehemu wameandika vizuri kuliko wengi: `close`, amri ya kufunga, ikirudisha EINTR (kosa la kukatizwa katikati) hawairudii, kwa sababu Linux inakuwa imeshaiachia ile namba ya deskripta, na ukirudia unaweza kufunga faili iliyofunguliwa na uzi mwingine (kazi nyingine inayoenda sambamba ndani ya programu) ikapewa namba hiyohiyo. Anayejua hilo si mtoto. Sasa amesahauje `finally`? Nilikuwa nimeanza kumheshimu, nikakasirika upya.

Bado naitumia, bei ya SMS zao ni nafuu. Nimeitenga kwenye prosesi yake, yaani programu inayojitegemea, naiua kila usiku ili soketi zake zote zifungwe. Wakirekebisha nitawapa nyota nne. Tatu. Yule wa ulimit hajaniomba radhi.