Santana ya 1969: santuri ya awali au toleo la 2004?

Santuri ya awali ya Santana, albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Marekani yenye jina hilohilo, iliyotoka Agosti 1969, ina nyimbo 9 tu na haifiki dakika 40. Shika jalada lake mkononi: kwa mbali ni simba anayenguruma, lisogeze karibu, uone uso wake umeundwa kwa nyuso za watu. Kwenye kijalada cha CD, nyuso hizo utazitafuta kwa miwani.

Toleo la 2004 ni CD mbili, na utamu uko kwenye ya pili. Humo mna rekodi za studio za mapema 1969 zilizowekwa kando, bendi ikaanza upya (ukizisikiliza utajua kwa nini, zimepoa mno), pamoja na onyesho lao kwenye tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, 1969. "Soul Sacrifice" ya jukwaani, Michael Shrieve wa miaka 20 akizichapa ngoma peke yake, inaiacha ya studio mbali. Toleo la 1998 liliongeza nyimbo 3 tu za Woodstock, lipite.

Kama pesa inatosha kimoja, chukua la 2004. Ila "Jingo", wimbo wa Mnigeria Babatunde Olatunji, mimi bado nauwekea santuri.