Ndege mbili za Korea katika anga la Wasovieti

Wazee wa Mwanza wanaokumbuka 1979, mabomu ya ndege ya Libya yalipoangukia Kisiwa cha Saanane, wanajua anga linavyotisha watu wakiwa vitani. Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyozikuta ndege mbili za Korean Air Lines zilizopotea njia na kuingia Umoja wa Kisovieti.

Ya kwanza, Boeing 707 iliyotoka Paris Aprili 1978, ilipigwa kombora. Abiria wawili walikufa, lakini rubani aliishusha juu ya ziwa lililoganda barafu (kwetu Nyanza hata kulifikiria ni kazi), na zaidi ya watu 100 wakapona.

Ya pili, safari namba 007 ya Septemba 1, 1983, haikuwa na bahati hiyo. Mtambo wa kujiendesha uliachwa ukishika uelekeo mmoja wa dira, na kosa hilo likakua saa baada ya saa hadi ndege ikawa mamia ya kilometa nje ya njia. Ilikuwa usiku, na mapema ndege ya upelelezi ya Marekani ilikuwa imepita karibu na Kamchatka, rasi ya mashariki ya Usovieti, hivyo Wasovieti wakaichanganya na hii. Rubani wa Su-15, ndege ya kivita ya Kisovieti, alifyatua risasi za onyo, ila hazikuwa za kuwaka, kwa hiyo gizani hazikuonekana. Kisha makombora. Wote 269 walikufa.

Kwangu ya 1983 inauma zaidi, kwa sababu ya 1978 ilikuwa onyo tosha. Ilibidi wafe hao ndipo, mwaka 1984, Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, uongezewe kifungu kinachokataza silaha dhidi ya ndege za kiraia zikiwa angani.