Stereoskopu ya mfukoni kwa picha pacha za mishipa ya damu

Stereoskopu huonyesha kila jicho picha yake ya kitu kilekile, ubongo ukaziunganisha kuwa umbo lenye kina. Hii ni ile ya wapima ardhi: lenzi mbili kwenye fremu ya plastiki na miguu ya waya inayokunjwa. Kwa wanafunzi wa udaktari wa Maseno, au yeyote hapa Kisumu anayesoma picha pacha za eksirei, tunaipendekeza kuliko miwani ya karatasi nyekundu na buluu. Miwani ile huharibu kijivu, na kwenye eksirei kijivu ndicho hubeba habari yote.

Mwezi Januari 1896, watafiti Haschek na Lindenthal wa Vienna walijaza mishipa ya mkono wa maiti mchanganyiko wenye chokaa na zebaki, wakaupiga eksirei kwa dakika 57. Picha ni safi lakini bapa: mishipa miwili ikipishana, huwezi kujua upi uko juu. Ndiyo maana zikaja picha mbili za kiungo kilekile kisichosogea, tyubu inayotoa eksirei ikihamishwa pembeni takriban sehemu ya kumi ya umbali wake na filamu. Umbali ukiwa sm 100, hamisha sm 10.

Kifaa chenyewe hakina shida kubwa. Shida ni karatasi. Chapisha kila picha upana wa sm 6, isiyong'aa, na sehemu zinazofanana ziachane sm 6 hivi. Ukienda studio za Oginga Odinga Street, omba fundi azime marekebisho ya otomatiki. Mashine hurekebisha kila picha kivyake, pacha zikatoka na weusi tofauti na macho yakakataa kuziunganisha. Picha moja ikiinama kidogo tu, kichwa kinauma.

Kosa baya zaidi ni kubadilisha kulia na kushoto. Picha ya kawaida ingekustua mara moja, lakini kivuli cha eksirei hakifichi kilicho nyuma yake, hivyo mkono uliogeuzwa unaonekana sawa kabisa na ateri za mbele zinahamia nyuma. Tazama herufi ya madini ya risasi iliyowekwa juu ya kaseti, yaani kasha la filamu: kwa kuwa ililala kwenye filamu, lazima ionekane nyuma ya mifupa. Ikikurukia usoni, badilisha picha.

Epuka stereoskopu ambazo lenzi zake hazisogei. Tafuta inayojirekebisha kati ya sm 5.5 na 7.5, maana macho ya watu hayaachani sawa. Miguu ya waya hulegea. Ikaze kwa koleo kabla ya kulaumu picha.