Vipande vya Blade: maoni ya fundi wa tovuti wa Tanga baada ya miaka mitatu

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone alinipigia simu asubuhi, hata chai sijamaliza. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona chumba changu kimewekewa alama ya dola? Mie bei ya dola sijapanga." Nikafungua tovuti yake kwenye simu. Mahali pa bei palisomeka $chumba->bei, vilevile nilivyoandika kwenye kodi ya programu. Nilikuwa nimesahau nukta pacha moja.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lalamiko langu kubwa juu ya vipande vya Blade, yaani sehemu za ukurasa unazoziandika mara moja na kuziita popote kwa Blade, lugha ya violezo ya Laravel, na anayetaka kuvitumia alijue mapema. Ukiandika bei="..." kwenye kipande, Blade inachukua maneno kama yalivyo. Ukiandika :bei="..." inayasoma kama PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti, na kuleta thamani yake. Ukiisahau ile nukta pacha hupati onyo lolote, ukurasa unafunguka kama kawaida. Katika nyota tano, moja naikata hapo. Nne zilizobaki natoa kwa moyo mweupe.

Laravel ni fremuweki ya PHP, yaani kiunzi cha kujengea tovuti, iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011. Modeli inashughulika na data, kontrola inapokea ombi na kuamua, mwonekano ndio ukurasa anaouona mteja. Blade ndiyo inayoandika huo mwonekano. Vipande ninavyovizungumzia, vile vya tegi inayoanza na x-, vilikuja na Laravel 7, Machi 2020. Wengine wanaviita komponenti. Sisi kwenye chumba chetu cha kazi hapa Ngamiani tunasema vipande, basi.

Zamani nilikuwa mtu wa @include. Sehemu ya chini ya ukurasa naiandika kwenye faili lake, kila ukurasa unaliita. Inafanya kazi, ila @include inabeba kila kigeu (jina linaloshika thamani, huanza na $) kilichomo kwenye ukurasa na kukiingiza ndani. Kwenye tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi nilikuwa na $kichwa cha ukurasa, na kule chini nikatumia $kichwa kwa maneno ya "Wasiliana nasi". Ukurasa wa mabati ukawa unaonyesha "Mabati" juu ya namba za simu, wa saruji unaonyesha "Saruji". Nilitafuta kosa hilo tangu adhuhuri hadi magharibi, kwa sababu kila faili ukiliangalia peke yake halina tatizo.

Kipande cha Blade hakijui chochote usichokipa. Mwanzoni niliona usumbufu, kila kitu mpaka ukitaje kwenye @props, orodha ya vitu ambavyo kipande kinapokea. Sasa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nafungua faili la kipande, nasoma mstari wa juu, najua kinahitaji nini na kisipopewa kitatumia nini. Sina haja ya kufungua kurasa kumi kukagua nani anakiita na ana vigeu gani. Angalizo moja: ambacho hukukitaja kwenye @props kinabaki kwenye mfuko wa sifa ($attributes), na ukiuchapisha ule mfuko, kitatokea kwenye HTML ya mteja. Nimewahi kukuta namba ya ndani ya chumba imekaa kwenye div, wazi kabisa.

Kipande ninachokionea fahari ni kidogo mno, mistari mitatu. Kinaitwa x-bei. Kabla yake tovuti moja ilikuwa na "Tsh 45000" ukurasa wa mbele, "45,000/=" ukurasa wa vyumba, na "Sh 45,000" kwenye fomu ya kuweka nafasi, yote mkono wangu. Mgeni akiona bei imeandikwa namna tatu anaanza kujiuliza kama kweli ni ileile. Sasa naandika <x-bei :kiasi="$chumba->bei" /> na kipande chenyewe kinaweka koma na neno la shilingi. Kisha kuna faida niliyoipata baadaye: ndani yake kiasi kinapita kwenye number_format, kitendaji cha PHP cha kupanga tarakimu, na kwa PHP 8 ukiipa maneno badala ya namba inagoma papo hapo. Kwa hiyo nukta pacha ikisahaulika, ukurasa unakatika kwenye kompyuta yangu kabla haujafika Raskazone.

Mpangilio wa ukurasa mzima nao nimeufanya kipande: <x-mpangilio kichwa="Vyumba">, ndani yake maudhui, yanayoangukia pale palipoandikwa $slot. Njia ya zamani ya @extends na @yield bado ni nzima na sina ugomvi nayo. Hii naiona rahisi kumfundisha mtu, maana inasomeka kama HTML aliyokwisha kuizoea.

Jambo jingine linatuhusu sisi wenye Kiswahili. Vitufe vingi vya violezo vya kupakua vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Weka "Hifadhi mabadiliko" kwenye simu ndogo uone, maneno yanavunjika mistari miwili au yanatoka nje ya kisanduku. Nilikuwa nabanabana ukurasa kwa ukurasa. Nilipokitoa kitufe kuwa kipande, nilirekebisha nafasi na ukubwa mahali pamoja tu. Na ukurasa wenye shida yake maalumu unaongeza darasa lake la CSS, kwani $attributes->merge inaunganisha madarasa bila kufuta ya awali.

Pasipofaa pia papo. Lile duka la vifaa lina orodha ndefu, misumari pekee inajaza skrini. Kila mstari niliufanya kipande, ndani yake kipande cha picha, ndani yake kipande cha bei. Ukurasa ukawa mzito waziwazi. Nikarudisha HTML ya kawaida ndani ya kitanzi, nikabakiza x-bei peke yake.

Majina naandika kwa Kiswahili, Blade haina neno. Kijana aliyekuja kujifunza kutoka Pangani alipoona <x-kadi-ya-chumba> hakuniuliza ni kitu gani. Aliuliza tu picha inawekwa wapi, nikamwonyesha <x-slot:picha>, na jioni ile alikuwa amemaliza ukurasa wa vyumba sita.

Kinachonikera sasa hivi ni kitufe changu mwenyewe. Kimekua mpaka kina chaguo tisa: rangi, ukubwa, ikoni, kinatuma fomu au kinafungua ukurasa. Wiki hii nakigawa viwili, kimoja cha fomu na kingine cha kiungo, na kijana ndiye atakayeandika cha pili.