Shotgani ya Kwanza kwa Kijana Mwindaji wa Mabata: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mtoto akishapigwa teke na bunduki mara tatu, mara ya nne hufumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Kuanzia hapo anakosa kila bata, na mzazi anadhani kinachomshinda ni kulenga. Kwa hiyo shotgani ya kwanza ichaguliwe kwa mambo mawili: iwe inamkaa begani, na teke lake, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuka, alimudu. Jina la kampuni na urembo wa mbao vifuate baadaye.

Mwongozo huu ni wa familia zinazoishi Marekani, ambako kijana huingia kwenye mabwawa ya Minnesota au mashamba ya mpunga yaliyofurika ya Arkansas akiwa na mzazi pembeni. Kwa mzazi aliyekulia mahali ambako bunduki ni ya askari, duka la bunduki la huko linaweza kumchanganya, na muuzaji mwenye haraka atamwekea mezani geji 12 ya mtu mzima. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikipungua, mtutu ni mpana zaidi.

Tukubaliane kwanza kuhusu neno. Kiswahili huita “risasi” yale madini mazito na pia kile kitu kinachofyatuliwa. Hapa chini, risasi ni ile inayoingia kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu, na vipunje vilivyo ndani yake ni marisau. Nikimaanisha madini, nitasema madini ya risasi.

Kipimo kabla ya bei

Urefu wa kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa bunduki za watu wazima ni inchi 14 hadi 14½. Kijana wa miaka 11 hadi 14 mara nyingi anahitaji inchi 12 hadi 13. Wengi hupima kwa kukunja kiwiko na kulaza kitako kwenye mkono, lakini njia hiyo hudanganya. Hakikisha bunduki ni tupu, umeikagua kwa jicho na kwa kidole, kisha mwambie aivae begani. Kati ya pua yake na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Pua ikigusa gumba, kitako ni kifupi. Akilazimika kurefusha shingo mbele, ni kirefu.

Fanya jaribio hilo akiwa amevaa koti lile lile la kuwindia. Koti nene hula sentimita nzima au zaidi, na kitako kilichomkaa vizuri dukani akiwa na fulana kitanasa kwapani siku ya baridi.

Kisha aishike begani kwa nusu dakika. Akianza kuegemea nyuma na kusukuma kiuno mbele, bunduki ni nzito kwake au uzito wake umekaa mbele mno. Kilo 2.6 hadi 3 huwafaa wengi. Chini ya hapo mkono hufurahi, lakini bega hulipa gharama.

Pima na jicho lake. Anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, halafu afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linaloongoza. Likiwa la kushoto, afundishwe kupiga kwa bega la kushoto tangu siku ya kwanza, hata kama anaandika kwa mkono wa kulia.

1. Geji 20 inayojijaza kwa gesi, kitako kifupi

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Sehemu ya gesi ya baruti husukuma nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba, na teke hutawanyika katika muda mrefu kidogo, hivyo bega husukumwa badala ya kupigwa. Kijana hana la kufanya ila kulenga na kuvuta. Tristar Viper G2 ya vijana, inayotengenezwa Uturuki, ni mfano wa bei ya kati. Remington 1100 ya geji 20 iliyotumika, yenye kitako kifupi, ni tamu zaidi ukiipata.

Ila soma maandishi ya mtutuni kabla ya kulipa. 1100 nyingi za zamani za geji 20 zina chemba ya inchi 2¾ tu, na risasi ya inchi 3 itaingia bila kulalamika. Hatari ni kwamba ganda hukosa nafasi ya kufunguka mbele, na shinikizo hupanda. Kagua pia pete ya mpira inayoziba gesi chini ya mtutu: ikikatika, bunduki huacha kujijaza na mnunuzi huanza kulaumu risasi. Ni kipuri cha dola chache.

Kasoro ya bunduki za gesi ni uchafu. Masizi yakichanganyika na mafuta mazito kwenye baridi kali huwa kama lami. Paka mafuta mepesi, kidogo sana, na uifungue kuisafisha baada ya kila mawindo mawili matatu.

2. Pampu ya geji 20

Pampu hujazwa kwa mkono: kila ukishapiga, unavuta kishikio cha mbele nyuma na kukirudisha. Mwenye bajeti ndogo aje hapa moja kwa moja, wala asijione amekosa. Mossberg 500 Super Bantam ina vipande vya kuongeza kitako kutoka inchi 12 hadi 13, na mtoto akirefuka unafungua kitako kwa bisibisi refu bapa na kuweka cha mtu mzima. Sefti yake, yaani kizuizi cha kifyatulio, iko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, kwa hiyo anayetumia mkono wa kushoto haonewi. Maverick 88 ya vijana ni ya bei nafuu zaidi, ila sefti yake ni kitufe cha kupenyeza kwenye kikingio cha kifyatulio. Remington 870 fupi ni imara vilevile.

Pampu husamehe matope, barafu na uvivu wa kusafisha. Haisamehe mkono wa uoga. Kijana asipovuta kishikio hadi mwisho, ganda tupu hubaki ndani au risasi mpya haipandi, na bata wameshaondoka. Nunua risasi bandia za mazoezi, afanye mivuto 20 kila jioni kwa wiki mbili, begani, bila kushusha bunduki. Akizoea kuishusha kiunoni ili avute, itakuwa kazi kumwachisha.

3. Geji 20 inayojijaza kwa nguvu ya teke

Benelli M2 Compact, Franchi Affinity Compact, Stoeger M3020 Compact. Ni safi, nyepesi, na hufanya kazi kwenye baridi inayozishinda nyingine. Lakini zinahitaji teke ili zifanye kazi, na kwa kuwa ni nyepesi, teke hilo linafika begani. Halafu kuna ugonjwa wao unaojulikana: bolti ikirudishwa taratibu kwa mkono ili isipige kelele, haifungi hadi mwisho. Kijana anavuta kifyatulio, anasikia “tik”, basi. Iachie bolti ijifunge yenyewe kwa kishindo. Kwa kijana wa miaka 15 na kuendelea, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza.

4. Geji 12 ya gesi yenye risasi nyepesi

Inafaa tu kama kijana ana mwili wa mtu mzima. Hatari ni kwamba siku moja mtu atampa risasi ya inchi 3 yenye aunsi 1¼ ya marisau, na teke lake katika bunduki ya kilo 3.2 ni zaidi ya mara mbili ya lile la geji 20 yenye aunsi ⅞.

5. Ya risasi moja, na .410

Watu husema “ya risasi moja ni salama, anza nayo”. Ni nyepesi mno. Ukitia aunsi 1 ndani ya bunduki ya kilo 2.3, inampiga mtoto vibaya kuliko pampu ya babake. Nyingi zina nyundo ya kukokwa kwa kidole gumba, na kidole kilichokufa ganzi huteleza. Ukitaka apige risasi moja moja, mpe pampu na umtilie moja. Nayo .410, yenye mtutu mwembamba kuliko zote hizi, haipigi teke, ila hubeba marisau machache. Hiyo ni bunduki ya fundi aliyebobea.

Kuhusu ile ya babu iliyo kabatini: tangu 1991 marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani yote kwa uwindaji wa ndege wa majini. Marisau ya chuma ni magumu, na mitutu ya zamani yenye choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana huweza kuvimba. Browning Auto-5 yenye mtutu wa Ubelgiji ni mfano. Kampuni yenyewe inashauri usitumie chuma humo. Ukitaka kuienzi, nunua marisau ya bismuthi, na uwe tayari kwa bei.

Risasi na karatasi

Mazoezi: aunsi ⅞ au ¾, namba 7½ au 8 (namba ni ukubwa wa marisau: ikipungua, kipunje ni kikubwa zaidi). Mawindoni: chuma, aunsi ¾ au ⅞, namba 3 au 4, choki ya “improved cylinder” (mbano mdogo) au “modified” (wa kati). Chuma hujikusanya zaidi, kwa hiyo usikimbilie “full”, ile iliyobana zaidi. Aunsi ⅞ ya namba 4 ina marisau kama 168. Bandika karatasi kubwa, piga kwa umbali wa yadi 30, chora duara la inchi 30 palipojaa zaidi, hesabu matundu. Yakifika 85 hadi 90, bata aina ya mallard aliyeshuka kwenye bata bandia wa kumvutia yuko ndani ya uwezo wake. Yasipofika, badili risasi au choki, au sogea karibu na umwambie huo ndio mpaka wake.

Sheria dukani na majini

Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia shotgani aliye chini ya miaka 18. Mzazi ndiye hununua na kujaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya mnunuzi wa bunduki, na kumnunulia mwanao zawadi ni halali. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua, ila mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa ana leseni ya uwindaji ya jimbo au anaingia katika msamaha mwingine wa sheria. Sheria za jimbo lako zisome kando. Kwa mabata, bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu, kwa hiyo hakikisha kijiti cha kuzibia magazini, bomba linalobeba risasi za akiba, kimo. Stempu ya serikali kuu ya kuwindia ndege wa majini, dola 25, inadaiwa kuanzia miaka 16. Siku maalumu za vijana haziruhusu aliyezidi miaka 17, na mtu mzima anayewasindikiza hapigi bata.

Mwisho, mifuko. Risasi za geji 20 hutengenezwa kwa ganda la njano kwa sababu moja: ikitumbukia kwenye geji 12 hupita chemba na kukwama mtutuni, na risasi ya 12 ikiwekwa nyuma yake, mtutu hupasuka mkononi. Kama wewe una 12 na mwanao ana 20, kila mmoja abebe zake kwenye mfuko wake, na mifuko ikaguliwe nyumbani, kabla ya giza la alfajiri.